Mhusika Anayetembea Bila Kutumwa

Nina ugomvi na riwaya zetu, na ugomvi wenyewe ni wa miguu. Chukua riwaya yoyote ya Kiswahili uliyosoma shuleni, halafu nitafutie ukurasa ambamo mtu anatoka kwake peke yake, anatembea mwendo mrefu, anafurahi, anarudi nyumbani. Hakutumwa dukani. Hakimbizwi na polisi. Hamfuati mchumba, wala haendi kuomba kazi kwa mjomba. Katoka kutembea tu, basi. Tafuta polepole, msomaji, mimi nipo nakungoja.

Wahusika wetu wanatembea sana, hilo silikatai. Lakini kila safari ina sababu iliyobebwa kichwani kama mzigo. Rashidi wa Kuli (1979), Shafi Adam Shafi anampeleka bandarini Unguja kwa sababu shida ya nyumbani imemsukuma kwenye kazi ile ile ya baba yake. Yusuf katika Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah ambayo Ida Hadjivayanis aliitoa kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel, anakwenda bara na msafara wa Aziz. Anaona nchi ngeni, anashangaa, na sisi tunashangaa pamoja naye. Hata hivyo kumbuka kwamba huyo ni mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Macho ni yake, miguu ni ya mdai.

Wasichana ndio wana hali mbaya zaidi. Maimuna wa Utengano (1980), ya Said Ahmed Mohamed, analelewa ndani kama ndege tunduni, na siku anayotoka njia inampeleka kwenye ulevi na danguro. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), anabanwa na baba mpaka basi. Akishapata nafasi ya kwenda atakako anaharibikiwa, na mwisho anajiua. Najua wahakiki wanasema waandishi hawa wanawalaumu wazazi wakali. Ni kweli, nakubaliana nao. Ila mwanafunzi wa kidato cha nne haondoki na hilo peke yake, bwana. Anaondoka pia na picha kwamba mlango ukifunguliwa, msichana akatoka mwenyewe, hapo nje pana shimo. Shafi alijaribu njia nyingine katika Vuta n'kuvute (1999): Yasmin anamwacha mume wake mzee, Raza, ndugu wanamkataa, na miguu inamfikisha Ng'ambo kwa Mwajuma, ambako ndiko anaanza kuishi. Mwandishi hamhukumu kwa kutoka. Lakini hata Yasmin alikuwa anakimbia.

Atatokea mjuzi aseme: na Nagona je? Haya, Nagona (1990), na Mzingile (1991) iliyofuata, zina msafiri mpweke kweli kweli. Tatizo langu ni kwamba nchi anayoipita ni ya fikra zaidi kuliko udongo. Huwezi kuitafuta kwenye ramani, wala huwezi kusema leo nitapita alipopita yeye. Kezilahabi alikuwa na haja zake na alizifikia. Mimi nataka mhusika anayeingiwa na mchanga kwenye ndala.

Lugha yenyewe inatubana. Tuna kuzurura, tuna kutangatanga, tuna kurandaranda, na karibu kila neno limebeba lawama. Ukisema kijana fulani "anatembea na" binti fulani, hakuna anayefikiria viatu. Mwanamke akiitwa mtembezi, hajasifiwa. Neno zuri tulilo nalo ni kupunga upepo, ila ukilichunguza utaona ni la jioni, la watu wawili watatu, la kukaa zaidi ya kwenda. Na aliye peke yake tunamwita mpweke, kana kwamba kuna waliomwacha. Huku kwetu ukikutana na mzee njiani kuelekea Mikindani, shikamoo ikishaitikiwa swali ni moja: "Unakwenda wapi, mjukuu wangu?" Jaribu kumjibu, "Natembea tu, babu." Atakutazama miguu, atatazama ulikotoka, kisha atakuuliza kwa huruma kabisa: "Nyumbani ni kwema lakini?"

Serikali nayo imewahi kuuliza swali hilo, bila huruma. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika Dar es Salaam kuwasomba watu walioonekana hawana kazi na kuwapeleka vijijini, na makosa ya uzururaji yalikuwamo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu enzi za Mwingereza. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo barani Afrika zinakwenda kinyume na haki za watu na nchi zinapaswa kuzirekebisha. Yaani majaji wametutangulia sisi waandishi!

Kwa nini basi tumekuwa hivi? Wengine husema kutembea kwa raha ni mambo ya Wazungu. Sasa kuna jambo moja watu wa Mtwara tungepaswa kulijua kuliko wote. Machi 1866 David Livingstone alifika Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Katika shajara yake ya siku zile, akiwa ndiyo kwanza anajiandaa kuingia bara, aliandika kwa furaha kubwa juu ya raha ambayo safari humpa mtu mwilini mwake, jinsi mwendo unavyokaza misuli na kuichangamsha akili. Ni maneno ya mtu anayependa kutembea, huwezi kumnyima hilo. Tatizo ni kwamba nyuma yake walikuwapo wapagazi, na mpagazi hakuulizwa mwendo unamchangamsha vipi. Na haikupita miezi mitatu, Juni mwaka huo huo, akipanda upande wa Ruvuma, Livingstone mwenyewe alikuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Alikuwa mtumwa aliyeshindwa kwenda na mwendo wa wenzake.

Hapo ndipo ninapoona asili ya ukimya wetu. Katika njia moja, mwaka mmoja, mmoja anaandika raha ya kutembea na mwingine anakufa kwa sababu hawezi kutembea tena. Aliyekuwa na kalamu ndiye raha yake ikabaki. Mababu zetu waliojua njia hizi kwa nyayo walibaki na hadithi za mzigo, za Maji Maji, za kubebeshwa vitu vya jeshi wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Baadaye, kuanzia 1964, watu wa ng'ambo ya mto walivuka Ruvuma kwa miguu wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji, na tangu 2017 wengine wamevuka wakikimbia mauaji ya Cabo Delgado. Oktoba 2020 wauaji hao walivuka mpaka kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Mji wenyewe ulikuwa umeonja askari mitaani Mei 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi. Kwa historia hiyo, mtu anayetembea peke yake kuelekea mtoni lazima aulizwe, nami siwalaumu wanaouliza.

Lakini ndiyo hoja yangu hasa. Kama njia ilikuwa ya kuswagwa, kubebeshwa na kukimbia, basi mtu wa kwetu anayeipita leo kwa sababu moyo umependa amefanya jambo kubwa. Anastahili sura nzima kwenye riwaya. Tumemwachia mwenye shajara furaha yote, sisi tukajigawia jasho.

Nayo furaha ipo, jamani. Tembea Msimbati asubuhi kabla jua halijakaza. Mchanga mkavu unakula ndama za miguu, kwa hiyo unajifunza kushuka karibu na maji, pale palipolowa na kushikana. Kilometa ya kwanza kichwa kimejaa madeni na maneno ya watu. Ya pili unaanza kuona: nyayo za kaa, ngalawa imelazwa ubavu, akina mama wanachokoa pweza kwenye miamba. Ya tatu inakuja sentensi uliyokuwa unaitafuta wiki nzima mezani, tena inakuja ikiwa na mdundo wake, kwa sababu miguu imeupiga. Ukisindikizwa na mshikaji haiji, maana mtakuwa mnaongea mpira.

Nasema haya kwa sababu ya hadithi moja iliyosomwa kwenye kijiwe chetu cha waandishi. Ni ya binti, bado haijachapwa. Msichana anatoka Shangani peke yake, anakwenda Mikindani, kilometa kama kumi, mara barabarani mara ufukweni, anakaa chini ya Boma la Kale la mwaka 1895, anakula embe, anarudi. Mwisho. Wenzangu waliishukia: mgogoro uko wapi? Dhamira ni nini? Mmoja alishauri msichana abakwe njiani ili hadithi "ipate uzito". Ndivyo tulivyofundishwa uhakiki wa mtihani, fani na maudhui, na binti akitoka nyumbani lazima alipe.

Mimi naona mgogoro umejaa tele. Kila anapopishana na mtu tunangoja lile shimo la Maimuna na Rosa, na halitokei; ndiyo kazi ya hadithi hiyo. Kuna vijana watatu kwenye daraja dogo wanamsalimia, anaitikia, anapita. Nilishika pumzi katika mistari ile kuliko nilivyoshika katika riwaya nyingi za mapanga na bastola. Halafu anapofika hana la kufanya, na mwandishi anathubutu kumwacha bila la kufanya kwa ukurasa mzima. Sijui wangapi kati yetu wanaweza.

Dosari ninayoiona ni ndogo, ila kwa watu wa pwani haisameheki. Anasema ilikuwa siku ya mwezi mpevu, na saa tisa alasiri msichana anakata ghuba juu ya mchanga mkavu huku maji yamepwa mbali. Haiwezekani. Bamvua la mwezi mpevu huku kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na saa tisa bahari inakuwa inakaribia kujaa, ingemfika kiunoni. Amtoe nyumbani asubuhi, au abadilishe mwezi. Akishafanya hivyo, tuichape toleo lijalo, bila kugusa neno jingine.