Barua Kutoka Gerezani

Wengi wakisikia jina la Pasta Martin Luther King wa Marekani hukumbuka hotuba yake ya ndoto. Sisi twapenda zaidi barua yake ya mwaka uleule wa 1963, aliyoianza pembeni mwa kurasa za gazeti katika gereza la Birmingham, baada ya kukamatwa siku ya Ijumaa Kuu.

Hakuwaandikia wenye kumchukia. Aliwajibu viongozi wanane wa dini, mmoja wao askofu mkatoliki, waliosema kwamba maandamano hayakuja kwa wakati wake. Akawakumbusha mafundisho ya Watakatifu Augustino na Tomaso juu ya sheria isiyo ya haki. Lakini mwenye kuivunja, asema, aivunje waziwazi, kwa upendo, na akubali kifungo. Tena kabla ya kuandamana watu wachunguze ukweli, wajadiliane na wakubwa, wajitakase mioyo.

Pengine mtu ataiona barua hii kuwa kali mno kwa watu wema. Kweli ni kali. Lakini dawa chungu ndiyo iponyayo. Askofu yule, Joseph Durick, baadaye akawa mtetezi wa haki za weusi.

King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Kumwekea sikukuu ni vema, lakini sikukuu haimwulizi mtu neno. Barua yatuuliza: katika parokia yetu, ni nani aliyeonewa ambaye sisi wakristu twamwambia kila siku, « Ngoja kwanza »?