Chakula cha Mgeni na Chakula cha Nyumbani

Msomaji kijana, mgeni akifika kwenu bila kutazamiwa, mama hubadili sufuria. Kilichokuwa kiliwe siku hiyo hufunikwa kando, kuku hukimbizwa uani, na wali hupikwa mahali pa ugali. Huo si udanganyifu, ni adabu. Walakini mgeni yule akirudi kwao na kusema kwamba amekwisha kujua wale watu hula nini, atakuwa amekosea. Ajualo ni lile wampalo mgeni. Nataka uichukue tofauti hiyo uwe nayo mkononi tunapovifungua vitabu viwili vya wanawake wa Marekani waliozaliwa na wazazi wa Kikantoni. Cha kwanza ni Fifth Chinese Daughter, yaani Binti wa Tano wa Kichina, cha Jade Snow Wong, kilichotoka mwaka 1950. Cha pili ni The Woman Warrior, yaani Mwanamke Shujaa wa Vita, cha Maxine Hong Kingston, kilichotoka mwaka 1976. Vyote viwili vyasimulia utoto katika jimbo la California, vyote vimejaa mapishi na maneno ya nyumbani, na vyote vimesifiwa na kulaumiwa sana. Mimi nadai kwamba kimoja kimeandaliwa mgeni, na kingine kimepakuliwa wenye nyumba.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Wakantoni ni watu wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina, ambao mji wake mkuu, Guangzhou, Wazungu waliuita Canton. Usemi wao si Kimandarini kilichopindwa kidogo. Mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing wakizungumza kila mmoja kwa lugha ya kwao, hawasikilizani. Sauti ya neno ikipanda, ikishuka au ikinyoka, maana yake hubadilika, na sauti hizo huhesabiwa sita. Wewe uliyelelewa kwa Kikikuyu, Kikamba au Kijaluo hutalistaajabia jambo hilo. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wanaume wa Guangdong walianza kuivuka bahari ya Pasifiki, na nchi ile wakaiita Mlima wa Dhahabu. Walichimba, wakajenga reli, kisha wakachukiwa. Mwaka 1882 sheria ya Marekani ilikataza vibarua wa Kichina kuingia, wala haikufutwa hata mwaka 1943. Waliokuwamo walifungiwa milango ya kazi nyingi, na wengi wakabakiwa na kufulia watu nguo na kupikia watu chakula. Kwa hiyo umwonapo Mchina wa vitabu hivi yu jikoni au kwenye beseni la dobi, usidhani kuwa alizaliwa na kipaji cha sabuni na mafuta.

Liko jambo moja la lugha ambalo nitalieleza kwa urefu, maana hapo sisi wasemao Kiswahili tuna faida kuliko Waingereza. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wote wa kiume wa baba na wa mama. Mkantoni hawezi kuvumilia uvivu huo. Kaka wa baba ni baak, mdogo wa baba ni suk, na ndugu wa kiume wa mama ni kau. Mama mzaa mama ni po-po, na mama mzaa baba ni maa-maa. Mtoto aliye na baba mkubwa, baba mdogo na mjomba ataufahamu mpango huo kabla mwalimu hajashika chaki. Tena mkubwa haitwi kwa jina lake; huitwa kwa cheo chake katika mstari wa ndugu. Basi jina la kitabu cha Wong si pambo la kumpendeza mnunuzi. Ni mahali pake nyumbani, nambari aliyopewa kabla hajaweza kusema. Na hao watu husalimiana kwa kuulizana kama mtu amekwisha kula wali. Aulizaye hataki kujua habari za tumbo lako, kama vile akuambiaye Hujambo asivyotaka orodha ya mambo yako. Mtoto aliyezoea salamu hiyo, akaenda shuleni asiulizwe na mtu kama amekula, aweza kuona kwamba amefika mahali pa watu wasiojali.

Sasa tumtazame Wong. Alizaliwa mwaka 1922 katika mtaa wa Wachina wa San Francisco, na baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha kushona nguo za kazi. Kisa chake akieleza kama mtu aelezaye kisa cha mwingine: hasemi mimi, asema Jade Snow. Sababu aitoa mwenyewe, kwamba adabu ya Kichina haipendi mtu ajitaje-taje. Kurasa zilizo bora ni zile za utoto, ambamo afundishwa kupika wali. Mchele huoshwa, husuguliwa viganjani, hubadilishwa maji mara kwa mara, kisha hutiwa maji ya kuupikia. Katika nyumba nyingi za Kikantoni maji hayo hupimwa kwa pingili ya kidole, si kwa kikombe. Mtoto ajifunza wali kama ajifunzavyo heshima, hakuna hatua irukwayo. Hakuna mahali mwandishi atuambiapo kwamba baba yake alikuwa mkali na mwenye upendo. Twauona ukali na upendo katika maji ya mchele.

Baadaye binti huyo aingia chuo, asikia somo la mwalimu juu ya wazazi wa zama mpya na haki za watoto, naye alipeleka somo hilo nyumbani na kulitandaza mbele ya baba yake. Yaliyotokea soma mwenyewe. Nasema tu kwamba mwandishi ampa baba haki yake katika mabishano, na hilo ni gumu kwa kijana.

Lakini kitabu hubadilika. Binti akiwa mwanafunzi wa Mills College akaa nyumbani kwa mmoja wa wakuu wa chuo, apika chakula cha Kichina, wageni wafurahi, naye agundua kwamba Uchina wake waweza kumfungulia milango. Tangu hapo sauti ya msimulizi ni ya mwenyeji asimamaye mezani akieleza kila sahani. Mapishi huelezwa hatua kwa hatua kwa mtu asiyepata kuona mchuzi wa soya. Desturi hazionyeshwi tena zikitendwa, hufafanuliwa. Hata mahali anapokumbuka kutukanwa na mtoto wa Kizungu shuleni, au alipoambiwa na mwenye kuwatafutia wanafunzi kazi kwamba asiombe kazi ila kwa Wachina, apita haraka, kama mama mwenye nyumba aketiye juu ya doa la mkeka ili mgeni asilione. Mwaka 1953 serikali ya Marekani ilimpeleka Asia kwa ziara ya kuzungumza na watu, na kitabu chake kilikuwa kimefasiriwa kwa lugha kadha za huko. Serikali haimtumi mtu aliyeichafulia jina.

Nisimwonee, hata hivyo. Mwisho wa kitabu atuambia kwamba alianza kufinyanga vyungu katika dirisha la duka mtaani kwao, watu wakajaa barabarani kumtazama. Wachina walimcheka, wala hawakununua. Walionunua ni Wazungu. Angaliweza kulificha jambo hilo, naye hakulificha. Nadhani ni ukurasa wa kweli kupita zote, maana humo ametaja wanunuzi wa vyungu, na kwa kuwataja hao amewataja na wasomaji wake.

Kingston hatandiki mkeka. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Stockton, na wazazi wake walikuwa madobi. Mama, ambaye kitabuni aitwa Brave Orchid, alikuwa tabibu na mkunga Uchina kabla ya kufua mashati ya watu Marekani. Jikoni kwake hupita kila kitambaacho na kirukacho: kobe hutembea sakafuni mwa ghala, na kambare huogelea katika hodhi la kuogea. Mabaki ya jana hurudi mezani leo, na kesho yatarudi, hata yaliwe. Mama asimulia karamu ya ubongo wa kima, watoto watamani kuziba masikio. Msomaji mgeni hajioni amekaribishwa katika kurasa hizo, na wako waliosema kwamba mwandishi amewaaibisha watu wake. Mimi naona kinyume. Katika hadithi za mama yule, mashujaa washindao mizimu ni wale walao chochote bila kukunja uso. Kula kwa Brave Orchid ni vita vya watu waliokwisha kuiona njaa. Wong atufundisha namna ya kupika. Kingston atuonyesha kwa nini mtu akubali kula.

Na ulimi je? Mtoto wa Kingston aliingia shule ya Kiingereza akanyamaza. Hakuna aliyemwekea kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake, kama walivyofanyiwa watoto wengi wa Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza hayo katika Decolonising the Mind, mwaka 1986. Kimya cha msichana huyu kilikuja chenyewe. Muda wa miaka mitatu kilikuwa kizito kabisa, na picha alizozichora alizipaka weusi juu yake. Walimu wakaingiwa na hofu, kumbe machoni pake weusi ule ulikuwa pazia la mchezo ulio karibu kufunguliwa. Akisoma, alikwama penye neno la Kiingereza lenye maana ya mimi. Lilikuwa na mistari mitatu tu, na neno la Kichina lina saba! Kumbuka kwamba Wong aliliepuka neno hilo hilo kwa adabu. Huyu alijikwaa juu yake. Lakini saa kumi na moja jioni watoto hao hao walikwenda shule ya Kichina hata saa moja na nusu, na huko walipiga kelele, wakakimbizana na kupigana. Basi kimya chao hakikuwa ububu.

Ukurasa wa kutisha waja baadaye. Msichana huyu amkuta mwenzake wa Kichina, mnyamavu kuliko yeye, peke yao chooni shuleni. Ambana mashavu, amvuta nywele, amwamuru aseme neno moja tu. Mwenzake alia, hasemi. Kisha msimulizi mwenyewe auguaye ugonjwa usioelezeka, alala kitandani miezi kumi na minane. Ewe mwanafunzi uliyepata kumcheka mwenzako kwa matamshi ya kwao, jiulize ulikuwa ukimcheka nani. Wong asingaliuandika ukurasa huo, na hapo ndipo nionapo kipimo cha vitabu hivi viwili: si uzuri wa Kiingereza chake, maana Wong huandika kwa usafi, ila yale ambayo kila mmoja yu tayari kuyaacha mezani yaonekane.

Frank Chin, mwandishi wa tamthilia, naye Mmarekani wa asili ya Kichina, aliwashutumu wote wawili. Alidai kwamba huandika ili kuwapendeza Wazungu, na kwamba Kingston ameiharibu hadithi ya kale ya Fa Mu Lan, msichana aliyekwenda vitani mahali pa baba yake, kwa kumwandika maneno mgongoni, hali maneno ya mgongoni ni ya jemadari mwingine, Yue Fei. Juu ya Yue Fei Chin asema kweli. Lakini Kingston hakuandika kamusi ya hadithi; aliandika kile mtoto alichobakiwa nacho baada ya kusimuliwa na mama usiku, huku usingizi ukimchukua. Hadithi za mdomo ndivyo zilivyo. Waulize wazee wawili wa pwani habari za Fumo Liyongo, na utarudi na Maliyongo wawili. Lawama yangu mimi kwa Kingston ni nyingine: sura hiyo ya vita ni ndefu kupita kiasi, na ile mikuki na farasi hunichosha kabla hatujarudi kwenye duka la dobi. Tena kitabu kilitunukiwa tuzo mwaka 1976 katika daraja la maandishi ya mambo ya kweli, na nadhani daraja hilo limewapotosha wengi.

Nimemtaja Liyongo, basi acha nimtumie. Alipokuwa gerezani mama yake alimpelekea vyakula vizuri, navyo vililiwa na walinzi. Ndipo alipoagiza, kwa wimbo, aletewe mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi waliuona mkate, wakaudharau, wakamwachia. Nimwazapo Wong nafikiri juu ya vyakula vile vizuri: walinzi walikula wakasifu. Kitabu cha Kingston ni mkate wa wishwa. Hukwaruza koo, na wengi wameutema.

Viko vitabu vingine ambavyo navipitia upesi. Louis Chu katika Eat a Bowl of Tea, mwaka 1961, aliwaacha wazee wa New York watukanane kwa matusi ya Kikantoni yaliyogeuzwa Kiingereza neno kwa neno, bila kumfafanulia mtu. Wakati ule wasomaji wake walikuwa wachache. Timothy Mo, mzaliwa wa Hong Kong, katika Sour Sweet, mwaka 1982, asimulia jamaa wauzao chakula London. Wanachokiuza dirishani wao wenyewe hawakihesabu kuwa ni chakula cha Kichina. Chao hukila nyuma. Mo alijua habari za sufuria mbili, naye alizichekea vizuri.

Kingston amalizia kitabu chake kwa Ts'ai Yen, mshairi mwanamke wa Uchina ya kale, aliyetekwa na watu wa nyika za kaskazini akakaa kwao miaka kumi na miwili. Alizaa watoto wawili huko. Hawakukijua Kichina, na mama aliposema nao waliyaigiza maneno yake kwa sauti zisizo na maana, wakicheka. Usiku mmoja mama alisikia filimbi za watekaji wake, akaimba kwa lugha yake, wimbo wa huzuni na hasira wenye sauti zilizoshabihiana na filimbi zile. Mara hii watoto hawakucheka. Mama alipotoka hemani na kukaa penye moto, nao wakaimba pamoja naye.