Uwiano Mmoja, Mikataba Mingi: Uhakiki wa Tafiti za Ufadhili Chechefu katika Benki za Kiislamu

Tafiti nyingi kuhusu ufadhili chechefu katika benki za Kiislamu za Indonesia hufuata njia moja. Mtafiti huchukua uwiano wa ufadhili chechefu kwa ufadhili wote, kisha huupima dhidi ya mfumuko wa bei, ukuaji wa pato la taifa, utoshelevu wa mtaji na ukubwa wa benki. Matokeo hupingana, na lawama hutupiwa mbinu za takwimu. Uhakiki huu unadai kwamba tatizo limo katika kile kinachopimwa.

Uwiano huo hukusanya chini ya jina moja mambo yenye asili tofauti. Katika murabaha, benki hununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyokubaliwa. Deni hilo haliongezeki kwa kucheleweshwa, na faini ikitozwa huelekezwa kwenye sadaka. Uchechefu hapa huakisi, pamoja na dhiki ya kweli, nidhamu ya mdaiwa na umakini wa benki katika kumchunguza. Katika mudaraba, hasara isiyotokana na uzembe humwangukia mwenye mtaji, yaani benki. Hata hivyo, kanuni za Indonesia zimepima ubora wa ufadhili wa aina hiyo kwa kulinganisha mapato halisi na mapato yaliyotarajiwa. Kwa hiyo mfanyabiashara mwaminifu ambaye soko limemwendea vibaya anaweza kuhesabiwa pamoja na mdaiwa mkaidi.

Hali ya uchumi ina uzito wake: bei zikipanda, mchuuzi hubanwa chini ya mkataba wowote. Lakini wastani wa mikataba yote hauonyeshi ni nani aliyebanwa na ni nani aliyekiuka ahadi.

Athari za kisera si ndogo. Benki inayochelea kuvuka kikomo cha asilimia 5 ina sababu ya kukimbilia murabaha na kukwepa ushirika wa faida na hasara. Uwiano utashuka, na mdhibiti atapongeza, ilhali lengo la kugawana hasara limeachwa.

Uganda, iliyorekebisha sheria mwaka 2016 na kutoa leseni ya benki yake ya kwanza kamili ya Kiislamu mwaka 2023, bado ina nafasi ya kuanza vyema. Takwimu zitenganishwe kwa aina ya mkataba na kwa sababu ya kutolipa. Bila hivyo, tafiti zijazo zitarithi mkanganyiko uleule.