Kasoro na Ustadi katika Kamera za Kuchezea

Kila fani ina wapenzi wanaojifunza chombo chao mpaka kikawatii, na ina wengine wanaokisifu chombo ili wasilazimike kujifunza. Fani ya kupiga picha kwa kamera za kuchezea, yaani zile kamera za plastiki zitumiazo filamu, ina makundi yote mawili, na mwanafunzi atakaye kuianza hukuta sauti ya kundi la pili imepanda kuliko ya kundi la kwanza. Huambiwa kwamba kamera hizi hazikosei: ukungu ni ndoto, doa la mwanga ni ushairi, na picha iliyoharibika imeharibika kwa uzuri. Maneno haya ni matamu, lakini yakikubaliwa bila ya kupimwa, kazi ya uhakiki yafikia kikomo. Maana pasipokuwa na picha mbaya, hapana njia ya kuitambua iliyo njema. Basi yafaa kuuliza: je, kasoro ya chombo yaweza kuwa ustadi wa mtu? Na kama yaweza, ni kwa sharti gani?

Kamera rahisi kwa watu wa kawaida si jambo jipya. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa Brownie, sanduku dogo lililouzwa kwa dola moja, likakusudiwa hata watoto. Lakini kamera zinazojadiliwa hapa zilikuja baadaye, nazo zilitoka Hong Kong. Katika miaka ya 1960 kiwanda kilichoitwa Great Wall Plastic Factory, huko Kowloon, kilitengeneza kamera iitwayo Diana. Karibu mwili wake wote ulikuwa plastiki, hata lenzi yake, na bei yake ilikuwa ndogo mno hata ikawa hutolewa bure kama zawadi. Kiwanda kiliacha kuitengeneza katika miaka ya 1970. Mwaka 1982 ikatokea ndugu yake, Holga, iliyobuniwa na Lee Ting-mo wa Hong Kong kwa ajili ya familia za Uchina, ambako wakati ule filamu ya 120 ndiyo iliyopatikana kwa urahisi. Haukupita muda mrefu ila watu wa huko wakaigeukia filamu ndogo ya milimita 35, na Holga ikakosa watu iliyokusudiwa. Ilipata maisha mapya mikononi mwa wapiga picha wa nchi za mbali, hususa Marekani na Ulaya. Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2015, kisha ukaanza tena mwaka 2017.

Historia hii ina fundisho kwa mhakiki. Hakuna aliyeketi akabuni ukungu wa Diana wala giza la pembe za Holga kwa ajili ya sanaa. Mambo hayo yalizaliwa na haja ya kuuza rahisi. Kwa hiyo anayesema kwamba uzuri umo ndani ya kamera yenyewe humpa mwenye kiwanda sifa ambayo hata yeye hakuitafuta.

Tena kasoro hizo si miujiza. Kila moja ina sababu yake. Lenzi ya plastiki ya kipande kimoja huleta picha iliyo safi katikati na yenye kufifia kadiri jicho linavyoelekea ukingoni. Nuru huzifikia pembe za filamu kwa uhaba, ndipo pembe zikawa nyeusi. Mifuniko ya plastiki haishikani barabara, basi mwanga hupenya kwenye viungo na kuacha mistari juu ya filamu. Tena kufyatua kamera na kusogeza filamu ni kazi mbili zisizofungamana: mtu aweza kufyatua mara mbili bila ya kusogeza, na picha mbili zikalaliana. Hata tundu la kutazamia halipiti katika lenzi, hivyo mgeni wa kamera hizi aweza kupiga filamu nzima huku kifuniko kikiwa bado kimeziba lenzi, naye akiamini kwamba yu aona kila kitu. Mwenye kuzijua sababu hizi aweza kuamua. Aweza kuziba viungo kwa utepe mweusi au kuviacha; aweza kumweka mtu katikati palipo safi, au pembeni atakapomezwa na giza. Asiyezijua hana aliloamua, na picha yake, hata ikipendeza, ni mali ya bahati.

Hapa ndipo ilipo hitilafu ya mafundisho yaliyoenea. Mwaka 1992 huko Vienna, vijana waliovutiwa na kamera ndogo ya Kirusi iitwayo LOMO LC-A waliunda chama cha Lomografia. Chama hicho kikatunga kanuni kumi, miongoni mwake moja imtakayo mpiga picha asifikiri, na ya mwisho imtakayo asizijali kanuni zozote. Mwaka 2007 watu hao hao walitoa Diana mpya kwa mfano wa ile ya zamani. Haipasi kuwanyima haki yao: wamewafanya maelfu ya watu waache woga wa chombo, na wamesaidia filamu iendelee kupatikana wakati ambapo kamera za kidijiti zilikuwa zikiifukuza madukani. Kwa mtu aliyezoea kuogopa namba na vipimo, kuambiwa asifikiri ni dawa ya siku ya kwanza. Lakini dawa ya siku ya kwanza ikinywewa mwaka mzima huwa ulevi. Asiyefikiri wakati wa kufyatua hana budi kufikiri wakati wa kuchagua, na kanuni zile zimelisema kwa nguvu lile la kwanza kuliko hili la pili.

Mfano ulio bora wa kulitatua swali hili ni kitabu cha Nancy Rexroth kiitwacho Iowa, kilichotoka mwaka 1977 na kuchapwa upya mwaka 2017. Picha zake zilipigwa kwa Diana katika miaka ya 1970. Jambo la kwanza limshtualo msomaji ni jina. Kitabu chaitwa Iowa, lakini maelezo ya picha humpeleka msomaji Ohio: mama yake mpiga picha yuko Pennsville, kitanda cha mwanamke kiko Logan, wavulana walio hewani wako Amesville. Iowa ni mahali alipokuwa akipelekwa utotoni kuwazuru jamaa zake. Ohio ni mahali alipokuwa amesimama na kamera yake. Kwa hiyo kitabu hakitoi habari za jimbo fulani, bali kinaitafuta nchi iliyobaki katika kumbukumbu, kwa kutumia nyumba na vyumba vya nchi nyingine.

Msomaji akilielewa hilo, ukungu wa Diana hubadilika maana. Kumbukumbu ya utotoni nayo huwa safi mahali pamoja na hafifu kando kando. Mtu hukumbuka kitanda asikumbuke ukuta, hukumbuka kuruka asikumbuke nyuso za walioruka naye. Wale wavulana wa Amesville, lau wangepigwa kwa kamera kali ihesabuyo kila unywele, wangekuwa watoto wa siku fulani wenye majina na nguo zao. Katika ukungu wamekuwa utoto wenyewe. Hapo kasoro ya lenzi na haja ya mtungaji zimekutana, wala haiwezekani kuondoa moja bila ya kuibomoa nyingine. Hilo ndilo sharti lililokuwa likitafutwa: kasoro huwa ustadi pale inapofanya kazi ambayo usahihi usingeweza kuifanya.

Kinyume chake ni rahisi kukiona. Mpiga picha wa studio, awe Mombasa au Unguja, aliyeajiriwa na bibi arusi, hana ruhusa ya kuufifisha uso wake kwa jina la ndoto. Bibi arusi amekuja ili uso wake uonekane na uwafikie wajukuu. Ukungu ule ule uliokuwa heshima kwa kumbukumbu ya Rexroth ungekuwa dharau kwa mteja huyu. Kwa hiyo kasoro haina thamani yake yenyewe. Thamani yake hutokana na ahadi iliyopo kati ya mpiga picha na anayetazama.

Yuko atakayepinga kwamba huku ni kuwabana wanaoanza, kwa kuwa mchezo ni mchezo, na si kila mtu ataka kuwa Rexroth. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini mchezo wowote unaodumu una sheria zake, na anayecheza bao bila ya kuhesabu kete huchoka kabla ya mwenziwe. Wanaoanza kwa furaha kubwa na kuiacha kamera kabatini baada ya filamu tatu hawakushindwa kwa ugumu wa fani. Walichoka kwa sababu picha zao zote zilisifiwa sawasawa, na pasipo tofauti hapana hamu ya kuendelea.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi aliwapa watunzi kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofuata vina na mizani. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Lakini waliosoma kwa utulivu waligundua kwamba kuvunja kina hakumpi mtu ushairi, kama vile kulinda kina kusivyompa. Shairi huru lililo jema huacha kina kwa sababu lina jambo ambalo kina kingelizuia. Shairi huru lililo baya huacha kina kwa sababu mtunzi hakukipata. Katika karatasi mistari yao yaweza kufanana. Hukumu ni kazi ya msomaji, naye hawezi kuitoa kama ameambiwa tangu mwanzo kwamba kila mstari usio na kina ni uhuru.

Tena Holga ina mizani yake. Filamu moja ya 120 hutoa picha kumi na mbili za mraba, na ile Diana ya zamani hutoa kumi na sita ndogo zaidi. Mwendo wa kilango chake ni mmoja tu, kama sehemu ya mia ya sekunde. Umbali hukadiriwa kwa alama chache zilizochorwa juu ya lenzi, mtu mmoja, kikundi, au mlima. Mtunzi aliyefungwa na mizani kumi na sita katika mstari huijua faida ya kifungo hicho: humlazimisha kulipima neno kabla ya kuliweka. Mpiga picha mwenye nafasi kumi na mbili naye hulazimika kuuliza kama mti ule wastahili moja yake.

Kwa hiyo anayeanza na asianze kwa kukusanya kamera. Moja yamtosha, pamoja na filamu ya aina moja: ya kasi ya 100 kwa jua kali, au ya 400 kwa mawingu na vivuli, kwa kuwa kamera yenyewe haiwezi kujirekebisha sana. Filamu ya kwanza na apige viungo vikiwa vimezibwa, aijue lenzi ilivyo; ya pili na aviache wazi, aujue mwanga uingiapo. Na aitie filamu kivulini, aisogeze polepole huku akiitazama namba katika kidirisha chekundu. Kisha, filamu ikishasafishwa, azitandaze picha zote mezani, achague moja, na aandike kwa sentensi mbili kwa nini ameichagua na kwa nini amewaacha ndugu zake. Kazi hii ya mwisho haitajwi sana, nayo ndiyo ifanyayo mtu kuwa mpiga picha. Rexroth alipiga kwa miaka mingi kabla ya kupata kitabu, na kitabu kilifanywa na zile alizoziacha kama vile kilivyofanywa na zile alizozitia.

David Burnett, mwandishi wa habari kwa picha mwenye uzoefu wa miongo mingi, alibeba Holga katika kampeni ya urais wa Marekani ya mwaka 2000, na picha aliyompiga Al Gore kwa kamera hiyo ikapata sifa kati ya kazi za wenzake waliobeba vyombo vya thamani kubwa mara mia. Wengi huieleza habari hii kuthibitisha kwamba chombo si kitu. Fundisho lake ni jingine. Burnett alikuwa na kamera nzuri pia, na alijua ni wakati gani aiweke chini. Mkono ulioweza kuchagua kati ya usahihi na ukungu ndio uliofanya kazi siku ile, na mkono huo hauuzwi pamoja na kamera.