Sabu na Zulia la Abu

Mwishoni mwa filamu ya The Thief of Bagdad (1940), Mfalme Ahmad amekwisha kurudishiwa kiti chake cha enzi na kumpata binti mfalme wake. Mbele ya raia anatangaza kwamba Abu, mwizi mdogo aliyemwokoa, atatiwa skuli ili baadaye awe waziri. Abu kusikia skuli, akalirukia zulia akapaa. Waliolelewa na hekaya za Alfu Lela Ulela huagana naye kwa kicheko, na kicheko hicho ni cha haki. Hata hivyo pana uchungu ndani yake. Mtoto aliibeba hadithi nzima, na watunzi wakakosa pa kumweka atakapokuwa mtu mzima. Wakampa zulia.

Aliyekuwa Abu ni Sabu, mzaliwa wa Mysore, India, mwaka 1924, mwana wa mwendesha ndovu. Baba alipofariki, mtoto alibaki katika mazizi ya ndovu wa Maharaja, akaonwa na wapiga filamu, akawa Toomai katika Elephant Boy (1937). Humo hamna uigizaji wa kusomea. Mna mtoto amjuaye mnyama wake. Kipaji kilikuwa cha kweli. Kasoro ilikuwa katika jicho la waajiri, waliompenda kifua wazi na mnyama ubavuni, hata akafanywa Mowgli mwaka 1942.

Akaenda vitani, mpiga bunduki katika ndege za Marekani, akarudi na nishani. Akarudi pia mwanamume.

Kipimo cha haki cha utu uzima wake ni Black Narcissus (1947). Sabu ni jenerali kijana, amevaa hariri na vito, anayekwenda kutaka elimu kwa masista katika milima ya Himalaya. Kitambaa chake cha mkono kinanukia manukato yaliyotoka London, na manukato hayo ndiyo yaliyoipa filamu jina lake. Jina limetoka mfukoni mwake. Yeye kawekwa kando, achekwe. Lakini tazama anaporudi kuomba radhi: sauti imetulia, maringo yameisha, na kwa dakika chache yupo mwigizaji ambaye hakuna aliyemwita tena kwa kazi ya namna hiyo.

Mapema miaka ya 1950 alikuwa katika sarakasi ya Harringay, London, pamoja na ndovu. Mehboob Khan alimtaka awe Birju wa Mother India (1957), jambo ambalo wapenzi wa sinema za Kihindi wa Unguja na Mombasa watalisikitikia. Halikuwa, na nafasi akaipata Sunil Dutt. Sabu alifariki kwa maradhi ya moyo Desemba 1963, na umri wake miaka 39. Filamu yake ya mwisho, A Tiger Walks, ilitoka mwaka uliofuata. Humo ni mfunza wanyama.