Kumnunua si kumuokoa

Wasomi wenzangu wa Masisi na Walikale, kuna aina moja ya picha inayopendwa sana huku kwetu: mtu amebeba mtoto wa ngagi, chini ameandika “nimemlipia, nimemuokoa.” Mimi siipendi hata kidogo.

Mama ngagi hamuachi mtoto wake. Kama mtoto iko mikononi mwa mtu, mara nyingi mama ameuawa, na pengine wengine wa familia. Ile franga uliyolipa njo inamrudisha mwindaji porini. (Paka wa kufukuza panya ni habari ingine, huyo mchukue kwa jirani, umlishe vizuri.)

Oktoba 2024 majike wanne waliachiliwa juu ya mlima Tshiaberimu, ndani ya parke ya Virunga. Mmoja anaitwa Ndjingala, jina tunalolijua vizuri Walikale. Walilelewa Kasugho, Lubero, katika kituo cha GRACE kilichoanza 2009. Kule mtoto anakaa kwanza karantini, kisha anatafutiwa familia ya ngagi wenzake, na jike mkubwa anamlea. Inachukua miaka. Habari nilizosoma zilishangilia siku ya kuachiliwa, hiyo miaka zikairuka.

Mtu atasema: bana, ICCN iko mbali na kijiji chetu, mtoto atakufa tukingoja. Hoja nzito, siidharau. Lakini anayelipa leo ameagiza mwingine wa kesho. Andika mahali na siku, ita ICCN upesi, na franga ibaki mfukoni.