Kile Kijineno "na" Ubavuni mwa Uhuru

Yasome kwa sauti majina ya Kiswahili ya vitabu vitatu vya hotuba na maandishi ya Mwalimu Nyerere: Uhuru na Umoja (1966), Uhuru na Ujamaa (1968), Uhuru na Maendeleo (1973). Uhuru haung'oki mahali pake. Mwenzake ndiye anayerefuka: umoja silabi tatu, ujamaa nne, maendeleo tano. Sidai kwamba Mwalimu alikaa akazihesabu, lakini sikio linazihesabu. Uhuru na Umoja, maneno yaliyomo pia katika ngao ya taifa la Tanzania, yamekaa kama vitanga viwili vya mizani: u- kwa u-, silabi tatu kwa tatu, mkazo katikati. Kufikia 1973 mizani imelala upande mmoja. Ile u- nayo imeondoka, ikaja ma-, pamoja na nomino iliyozaliwa na kitenzi kuendelea, ambacho hakina kikomo ndani yake.

Katikati kuna na. Kijineno hiki huunganisha (chai na mkate), humiliki (ana shamba), humtaja mtenda (alifungwa na bwana), tena huandamanisha: mama kaja na mwanawe. Katika majina haya mimi naisikia maana hii ya mwisho. Uhuru umepewa wa kuandamana naye. Hata chama cha TANU kiliposema Uhuru na Kazi, lile neno fupi la silabi mbili lilishuka mwishoni kama jembe ardhini.

Naamini sababu ya uhuru kupewa mwenza imo katika asili ya neno lenyewe. Huru, kutoka Kiarabu hurr, ni mtu asiye mtumwa. Pwani ya karne ya 19 uhuru ulikuwa wa mtu mmoja mmoja: bwana alimwacha mtumwa wake huru. Hata amri ya Zanzibar ya 1897 ya kufuta utumwa ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuuomba. Neno la mtu mmoja likatakiwa kubeba nchi nzima. Kijineno na ndicho kilicholifunga kwenye mambo yasiyofanywa na mtu peke yake. Nani aliye na umoja akiwa mmoja?

Sasa mgeukie mwanasiasa wa Kenya, Oginga Odinga. Kitabu chake cha 1967 ni cha Kiingereza, jina lake Not Yet Uhuru, na neno hili moja limeachwa katika Kiswahili. Hapo halina mwenza. Limewekwa mwisho, baada ya kukanushwa, na msomaji hana umoja, ujamaa wala kazi ya kukimbilia. Anabaki uso kwa uso na uhuru wenyewe, ambao haujafika.